Umri wa Kioo, Mikono ya Mafundi

Katika vitu vyote ambavyo watu hununua kwa ajili ya mawasiliano, sijui kimoja kinachopewa fikira chache wakati wa kununuliwa, na kinachodai utunzaji mwingi baadaye, kuliko mkongo wa faiba na konekta zake, kwa maana wakuu wa ofisi wanapokaa kuamua juu ya mtandao mpya, aghalabu hutumia asubuhi nzima kuhojiana juu ya swichi na ruta, ambazo zina taa za kumetameta na jina la mtengenezaji lililochorwa usoni, na adhuhuri inapokaribia, baadhi yao wakiwa wameshaanza kukusanya karatasi, ndipo mmoja huuliza, "Na waya je?" na mwingine hujibu, "Waya ni waya, fundi atajua." Nimehudhuria mabaraza ya namna hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, Mombasa na katika miji ya pwani iliyo jirani nayo, na rai niliyoifikia kwa kuona zaidi kuliko kwa kusoma ni kuwa mpango huo umepinduliwa. Swichi itang'olewa baada ya miaka michache na kutupwa bohari. Kioo kilichozikwa chini ya barabara kitabaki palepale kwa miaka ishirini na mitano na zaidi, na konekta itashikwa na vijana ambao leo wangali shuleni. Kwa hiyo mkongo huchaguliwa kwa umri wake, na konekta huchaguliwa kwa mikono itakayoishika.

Niliingia kazini zama za shaba, wakati posta na simu za Kenya zilipokuwa bado shirika moja, na adui zetu walikuwa maji, kutu na mwizi. Masika yakianguka, simu za Kisauni na Likoni zilijaa mikwaruzo hata mtu asisikie sauti ya nduguye. Mwaka wa 2009 mambo yakageuka. Mwezi wa Julai mkongo wa SEACOM ulifunguliwa, ukiwa umetia nanga Mombasa na Dar es Salaam; mwaka uo huo mkongo wa TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu; na mwaka uliofuata EASSy ukatandazwa toka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Yakasadifu kuwa katika mwaka huohuo wa 2009 Charles Kao alitunukiwa Nobel ya fizikia, kwa kazi aliyoifanya Uingereza na kuichapisha pamoja na George Hockham mwaka wa 1966, walipodai kwamba giza la kioo ni la taka zilizomo ndani yake wala si la kioo chenyewe, na kwamba upotevu ukishushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, kioo kitafaa kuchukua maneno ya watu. Desibeli 20 maana yake ni kwamba katika sehemu mia za mwanga uliotiwa, moja tu hufika mwisho wa kilomita. Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wa kampuni ya Corning ya Marekani, waliivuka shabaha hiyo mwaka wa 1970. Na leo uzi wa kawaida hupoteza kiasi cha desibeli 0.2 tu kwa kilomita katika wimbi la nanomita 1550, hata nusu ya mwanga huwa ingali hai baada ya kilomita 15.

Aliyenifundisha kuhesabu kabla ya kununua alikuwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, fundi wa simu tangu ujana wake, ambaye sote tulimwita Maalim, kwa kuwa jioni alisomesha watoto Kurani na mchana alitusomesha sisi desibeli. Hakuruhusu katalogi ifunguliwe mbele yake mpaka hesabu imalizike. "Chukua Mombasa na Malindi, mwanangu," aliniambia siku moja, akageuza bahasha kuukuu na kuandika mgongoni mwake. "Njia ni kiasi cha kilomita 120. Kioo peke yake, 0.2 mara 120, ni desibeli 24. Mkongo huja katika dramu za kilomita nne nne, basi utauunga mara 29 njiani, na kiungo kilichoyeyushwa vizuri weka 0.05, upate takriban moja na nusu. Konekta za miisho miwili, weka nusu nusu, ni moja. Hiyo ni 26 na nusu. Kisha ongeza akiba ya desibeli tatu." Nikamwuliza akiba ya nini, maadam kila kitu kimeshahesabiwa. Akanijibu kuwa katapila litakuja. Barabara itapanuliwa, bomba la maji litachimbiwa, mkongo utakatwa na kuungwa tena na tena, na kila kiungo kitachukua haki yake. Moduli za kutuma na kupokea mwanga zinazouzwa kwa jina la kilomita 80 huvumilia upotevu wa desibeli 23 au 24 hivi. Kwa hiyo njia ile ya karibu 30 haina budi kupewa kikuza mwanga, au kituo cha kati pale Kilifi, na jambo hilo ni sahali kulijua juu ya bahasha, lakini ni la hasara kubwa kulijua siku ya ufunguzi, wageni wakiwa wameshaketi.

Lakini somo lililonikaa zaidi nililipata ndani ya majengo, mahali ambapo watu hudhani umbali si kitu. Palikuwa na taasisi moja kubwa kisiwani iliyokuwa na majengo mawili, na kati ya chumba cha mitambo cha hili na cha lile palikuwa na kiasi cha mita mia mbili za waya. Katika miaka ya tisini ilitiwa faiba ya maltimodi, ile yenye kiini kipana cha maikroni 62.5, na kwa wakati ule hapakuwa na wa kulaumiwa, kwa kuwa mtandao ulikwenda kwa megabiti 100 kwa sekunde na faiba hiyo iliweza kuuchukua mwendo huo kilomita mbili. Ikaja gigabiti moja: faiba ileile, katika ukuta uleule, ikawa na uwezo wa mita 275 tu, na taasisi ikapona kwa tofauti ndogo. Ikaja gigabiti 10, na uwezo ukaanguka hadi mita 33. Waya haukuwa umeharibika hata kidogo. Ulikuwa safi, mkavu, na vipimo vyake vilikuwa vilevile vya siku ulipotandazwa. Ila kila mwendo ulipozidi, ufupi wake ulizidi kuwa dhahiri, hata mwisho ukawa hautoki nje ya chumba.

Maalim aliwaeleza wakuu wa taasisi ile sababu yake kwa mfano wa chuo chake mwenyewe. Alisema kwamba watoto akiwaachia wote kwa wakati mmoja, wengine hupita kichochoro cha mkato, wengine huzungukia sokoni, na kwa hiyo hawafiki kwao pamoja. Akiachia kundi moja kwa saa hapana tatizo, lakini akiachia kundi kila dakika, wa kundi la kwanza waliochelewa watachanganyika na wa kundi la pili waliowahi, na mama mlangoni hatajua nani katoka lini. Ndiyo hali ya mwanga katika kiini kipana, ambamo mna njia nyingi za kupitia. Na mapigo ya mwanga yanapotumwa kwa kasi, pigo humwagikia pigo. Katika faiba ya singomodi kiini ni cha maikroni tisa hivi, na mwanga una njia moja tu, ukifika umefika.

Watengenezaji wameitengeneza maltimodi upya mara kadhaa. Aina ya OM3, yenye kiini cha maikroni 50, huchukua gigabiti 10 kwa mita 300, na OM4 kwa mita 400. Lakini mbio ni zilezile, kwani gigabiti 100 kwa nyuzi nne za kwenda na nne za kurudi hukoma mita 70 katika OM3 na mita 100 katika OM4. Wanaoitetea husema kwamba moduli zake ni rahisi, na kweli zilikuwa rahisi sana zamani, maana leza zake hazihitaji ulengaji mkali wa kiini chembamba. Leo tofauti ya bei imepungua. Mimi huikubali maltimodi kati ya raki na raki katika chumba kimoja, ambapo kuing'oa na kutia nyingine ni kazi ya alasiri moja. Lakini waya wowote unaopenya ukuta, unaoingia bombani, au unaopita mahali ambapo itabidi saruji ivunjwe ili kuufikia, nasema uwe singomodi, na sijapata kusikia hoja ya kunigeuza. Uzi wa singomodi wa kipimo cha G.652, ambacho kilipitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, ulitungwa zama ambazo hakuna aliyeota gigabiti 400, na bado moduli za gigabiti 400 za leo zimebuniwa zipite ndani yake.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umelala chini ya bahari yetu wenyewe. Mikongo iliyofika pwani hii mwaka wa 2009 na 2010 imeongezewa uwezo tangu wakati huo, wala hapakuwa na meli iliyokuja kutandaza kioo kingine juu yake: ilibadilishwa mitambo ya nchi kavu, ile inayowasha rangi nyingi za mwanga kando kwa kando katika uzi mmoja, na kioo kikayapokea mapya bila ya kuguswa. Wale waliokichagua kioo hicho hawakuweza kujua mitambo itakayokuja. Walijua tu kwamba itakuja, na wakaiachia nafasi.

Nafasi hiyo, kwetu sisi wa nchi kavu, ni hesabu ya nyuzi ndani ya mkongo. Nakumbuka baraza moja lililotaka kuunganisha ofisi zake za kisiwani na za Nyali, ambalo lilikuwa na fedha za mkongo wa nyuzi 24, nami nikaomba 96. Mwenye hazina, mtu mwema na makini, aliniuliza, "Bwana fundi, tunahitaji nyuzi ngapi leo?" Nikamwambia nne. "Sasa ishirini tayari ni akiba. Sabini zaidi na kitu ni za nani?" Nilimwomba aangalie mstari mwingine wa hesabu yake, ule wa kuchimba mtaro, kukata lami, kuirudisha, na ruhusa za manispaa, mstari huo ulikuwa mrefu kupita yote, na haukubadilika hata senti moja kwa mkongo wa nyuzi 24 au wa 96. Tukakubaliana 48. Si miaka mingi ikapita, taasisi nyingine mbili za mjini zikaja kukodi nyuzi katika mkongo ule, na kodi ile ikarudisha sehemu ya lami. Hata hivyo nyuzi nyingi katika bomba moja hukatika zote kwa jembe moja. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS nje ya bandari ya Mombasa, na mwenye njia moja tu siku hiyo alikosa pa kugeukia. Basi nashauri kwamba anayetoka kisiwani apite Makupa kwa mkongo mmoja na Daraja la Nyali kwa wa pili, hata kama kila mmoja utakuwa mwembamba kuliko alivyotamani.

Juu ya ganda la nje nitasema machache, ingawa nimeona ganda baya likiua kioo kizuri. Waya wa ndani ya nyumba, ule wa manjano, ukitolewa nje kwa jua la pwani hukakamaa na kupasuka. Wa nje uwe na ganda jeusi la politheni, ambalo weusi wake ni wa masizi yaliyotiwa makusudi kulizuia jua, na nyuzi zake zilale ndani ya vijibomba vilivyojazwa jeli, ili maji yakiingia yasitembee. Ndani ya majengo, kinyume chake, ganda liwe la aina isiyotoa moshi mzito wala gesi ya sumu linapoungua. Penye panya pawe na utepe wa chuma chini ya ganda, lakini chuma hicho kiunganishwe na ardhi vizuri mwishoni mwake, na kisiachwe wazi kwenye chumvi ya pwani, maana kutu yake huvimba na kukandamiza vijibomba. Njia ya bara, kuelekea Taru na Voi, ambako mchwa hawaachi mti wala mpira, mkongo unaozikwa bila bomba huhitaji koti la nailoni gumu. Na unaotundikwa juu ya nguzo pamoja na nyaya za umeme usiwe na chuma chochote.

Sasa nifike kwenye konekta, ambako ndiko nilikoona fedha nyingi zikipotea mahali padogo. Konekta ya SC ina kijiti cha kauri chenye unene wa milimita 2.5, nayo LC ina cha milimita 1.25, yaani nusu, na ndiyo maana LC imetamalaki katika swichi zenye milango mingi. Lakini ukubwa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi ncha ya kauri ilivyosuguliwa. Ile ya buluu, UPC, imesuguliwa ikawa na mviringo mdogo wa kukabiliana na mwenzake, na mwanga unaorudi nyuma huwa desibeli 50 hivi chini ya ule uliotumwa. Ile ya kijani, APC, imekatwa mshazari wa digrii nane, ili mwanga urudio utupwe pembeni, nao huwa desibeli 60 chini au zaidi. Zote mbili ni njema kila moja na mwenzake. Mkandarasi mmoja alitufungia kabati lenye matundu ya kijani, na hati ya ununuzi ikawa imeandika "SC" tupu bila ya kutaja msuguo, bohari ikaleta waya zenye ncha za buluu. Ziliingia. Zilifanya hata ule mlio mdogo wa kukaa barabara. Lakini ncha iliyonyooka haiwezi kulala juu ya ncha ya mshazari, na katika uwazi wa hewa uliobaki baina yao mwanga ulipotea desibeli kadhaa, na sehemu yake ikarudi nyuma kuisumbua leza. Mafundi walishinda siku kadhaa wakibadilisha moduli za bei kubwa, na dawa ilikuwa kulinganisha rangi mbili kwa macho. Tangu hapo katika hati zangu huandika konekta kwa jina lake lote: aina, msuguo, na rangi ya pande zote mbili.

La vumbi ni gumu zaidi, kwa kuwa halina rangi ya kuonya. Katika chumba kimoja cha mitambo tulikuwa tukiwasha njia ya gigabiti 100, na kipima mwanga kilionyesha kwamba mwanga unatosha, lakini makosa yalikuwa yakimiminika katika swichi bila ya kukoma. Nilikuwa na binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa kazi, mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alichomoa konekta, akaitia katika hadubini ya mkononi, na katika skrini likatokea duara la kijivu, ambalo ndilo kioo chote cha maikroni 125, na katikati yake kidoa kidogo, ndicho kiini. Na pembezoni mwa kiini palikuwa na ukoko wa mafuta uliokauka, na chembe mbili za vumbi, moja imekilalia kiini chenyewe.

"Ami," akasema, "hii nimeitoa mfukoni sasa hivi. Mpya kabisa."

Nikamwambia, "Mpya si safi, mwanangu. Kifuniko cha plastiki chenyewe hutoa unga. Safisha kavu kwanza, kisha utazame."

Akaifuta kwa utepe mkavu, akatazama. Vumbi likatoka, mafuta yakabaki. Akatia tone la spiriti safi katika kitambaa kisicho na nyuzi, akafuta kwa mwelekeo mmoja, akamalizia pakavu ili spiriti isiache ukungu wake, akatazama tena. Duara likawa tupu. Kisha, bila ya kuambiwa, akainama kulisafisha tundu la upande wa pili, jambo ambalo mafundi wa miaka mingi husahau, kwa maana konekta safi ikichomekwa katika tundu chafu hutoka nayo imeshachafuka. Makosa yakakoma. Kipimo cha kimataifa cha IEC 61300-3-35 hugawanya uso ule katika kanda, na ukanda wa kiini ndio unaohukumiwa kwa ukali zaidi ya zote. Lakini kilichomfaa binti yule ni ada ya kutazama kabla ya kuchomeka, kila mara, hata konekta ikiwa imechomolewa nukta hiyohiyo. Na itazamwe kwa hadubini yenye skrini, hadhari, asichungulie mtu kwa jicho lake: mwanga wa nanomita 1310 na 1550 hauonekani, na jicho halijui kwamba linaungua.

Kadiri uwezo unavyopanda ndivyo uchafu unavyozidi kuwa ghali. Mitambo ya gigabiti 400 hutuma mwanga kwa ngazi nne za ukali badala ya mbili za zamani, ngazi zimekaribiana, na mrejeo mdogo ambao gigabiti 10 haikuujali huweza kuzichanganya. Ndiyo sababu konekta ya MPO ya singomodi, ambayo hubeba nyuzi 12 katika kijiti kimoja, hukatwa kwa mshazari. MPO ni kazi ya ustadi mkubwa, na mahali penye maelfu ya nyuzi haina badala. Lakini ina dume lenye pini na jike lisilo na pini, ina mipangilio ya nyuzi inayoweza kupishana hata wa kutuma akatazamana na wa kutuma, na chembe moja ya vumbi huweza kuinyanyua safu nzima isigusane. Inataka hadubini yake, visafishio vyake, na mtu aliyefunzwa hiyo hasa. Katika mji ambao kipande cha MPO kikivunjika huagizwa ng'ambo na kungojwa, na zamu ya usiku huachiwa kijana mmoja mwenye tochi, mimi huchagua moduli ya aina ya FR4, ambayo hupitisha gigabiti 400 hizohizo kwa jozi moja ya LC hadi kilomita mbili, kuliko DR4 ya mita 500 inayodai MPO. Bei ya moduli yake hupanda kidogo. Kijana wa zamu ya usiku, hata hivyo, ataweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kabla ya mtu kuamshwa. Kwa sababu iyo hiyo sizipokei konekta za kubandikwa kwa mkono juu ya ngazi: ninataka mikia iliyosuguliwa kiwandani, iunganishwe na mkongo kwa mashine ya kuyeyusha.

Kuna na mpindo. Mafundi wetu wa umeme, ambao wamezoea kuzifunga nyaya za shaba zikaze, hukaza kamba za plastiki juu ya faiba kwa nia njema ya unadhifu, na mwanga huvuja penye shingo iliyokabwa. Dalili yake inajulikana: OTDR, chombo kinachopeleka mapigo ya mwanga na kusikiliza mwangwi wake, kikionyesha shimo mahali pamoja, dogo kwa 1310 na kubwa kwa 1550, hapo si kiungo kibaya, hapo pamekunjwa. Katika kabati na kona za nyumba nachukua faiba ya G.657.A2, inayostahimili mpindo wa milimita 7.5, nayo huungana na G.652.D ya nje bila ya ugomvi. Na kamba za plastiki nazikataza ndani ya chumba, ziwe za kitambaa cha kunata.

Mikongo ya pwani huungwa usiku, kwenye mashimo ya kando ya barabara, chini ya mwavuli, na mtu aliyechoka. Kwa hiyo yaliyoandikwa katika zabuni hayatoshi mpaka yapimwe. Sharti ambalo wakandarasi hulilalamikia zaidi kwangu ni la mwisho katika orodha: kila uzi, pamoja na zile za akiba ambazo hakuna anayezitumia, upimwe kwa OTDR toka pande zote mbili, kwa 1310 na kwa 1550, kwa kuwa kiungo hutoa hesabu moja ukikitazama toka Mombasa na nyingine ukikitazama toka Malindi, na ukweli ni wastani wao, picha za kila ncha ya konekta ziambatishwe, rangi za nyuzi ziandikwe kwa utaratibu wake, buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi na feruzi, pamoja na mahali kila mmoja unapofikia. Huniambia kwamba nyuzi 48 kwa vipimo vinne ni karatasi nyingi mno kwa njia ambayo inawaka tayari. Nami huwaonyesha kifungu cha malipo, ambamo imeandikwa kuwa sehemu ya mwisho ya fedha haitoki mpaka daftari hilo lifike mezani.